Machweo yangu yanaungua: niuze kamera?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Nyegezi, nina kamera ya mtumba ya megapikseli 18 na lenzi iliyokuja nayo, ile ya milimita 18-55. Napenda sana kupiga mandhari ya ziwa, lakini kila nikienda Jiwe la Bismarck kupiga machweo, ama anga linatoka jeupe pe, ama jiwe linatoka jeusi tii. Rafiki yangu anapiga palepale kwa simu na picha yake inapendeza. Watu wananishauri niuze kamera nitafute mpya yenye megapikseli nyingi. Halafu lenzi imeota utando kama wa buibui kwa ndani, na fundi anasema ni unyevu wa ziwa. Nimeambatanisha picha tatu. Nifanyeje?"

Msomaji, Nyegezi, Mwanza

Marahaba, mdogo wangu. Kamera usiiuze. Picha zako nimezikuza na kuzikagua kona hadi kona, na tatizo lake halihusiani na megapikseli. Liko kwenye mahali unaposimama, saa unayofika, na kwa kiasi fulani kwenye huo utando wa lenzi. Yote hayo yanarekebishika bila kubadilisha kamera. Nitakueleza kwa kirefu kwa sababu naona una jicho: ile picha ya pili, uliyouweka mtumbwi pembeni kabisa ukaliacha ziwa lichukue nafasi, haikupigwa na mtu anayebahatisha.

Tuanze na mahali. Unasimama ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, unatazama magharibi, jua liko mbele yako juu ya maji, na jiwe liko kati yenu. Jua linauangaza upande ule unaotazama Sengerema. Wewe umebakiwa na kisogo. Unachokipiga ni kivuli kitupu huku ukilitazama jua usoni. Sisi tunahesabu mwanga kwa stopu, na kila stopu ni mwanga uliozidishwa mara mbili. Kamera ya rika la hiyo yako inamudu kama stopu 11 kutoka weusi hadi weupe. Mpya zilizo nzuri zinafika 14 hivi. Anga lenye jua ndani yake na jiwe lililo kivulini vinaachana kuliko hata hizo 14. Kwa hiyo ukiuza ukanunua mpya, ukarudi ukasimama palepale na kubonyeza vilevile, utaungua vilevile, ila utakuwa umeungua kwa gharama kubwa.

Simu ya rafiki yako nayo isikutishe. Kipande chake kinachopokea mwanga ni kidogo mno ukikilinganisha na sensa ya kamera yako. Inachofanya ni kupiga picha kadhaa mfululizo kufumba na kufumbua, kisha programu yake inazichanganya, anga kutoka hizi na jiwe kutoka zile, inakupa moja. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe, tena kwa usafi zaidi. Nitaifikia.

Kabla ya hapo, suala la saa. Najua unajifunza kwa video za mtandaoni, na walimu wengi wa video hizo wako Ulaya na Marekani. Wanazungumzia saa nzima ya mwanga wa dhahabu kabla ya jua kuzama, na kwao ni kweli. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Hapa jua haliteremki kwa mshazari, linashuka karibu wima. Kutoka nyuzi sita juu ya upeo wa macho hadi kugusa maji linatumia dakika 24 hivi. Mwezi Machi, kule London, mwendo huohuo unachukua karibu dakika 40, na Juni unazidi hapo. Duara lenyewe likishagusa maji linamezwa kwa dakika mbili na kidogo. Baada ya hapo umebakiwa na dakika kama 20 za mwangaza unaofaa, na usiku umeingia. Mtu anayefika jua likiwa tayari jekundu, akaanza kufungua mkoba na kutafuta pa kusimama, anamaliza kujiandaa wakati kazi imekwisha. Fika saa nzima kabla. Zunguka, kaa, simama, piga picha za majaribio, amua fremu yako ukiwa na utulivu, kisha usubiri mwanga ukukute hapo.

Na usikariri saa. Mapema Novemba jua la Mwanza linazama kwenye saa 12:37 jioni. Katikati ya Februari linafika saa 1:07. Nusu saa nzima, ingawa urefu wa mchana wetu karibu haubadiliki mwaka mzima. Ukiwa na ndugu Dar es Salaam usimfuate yeye pia: kwao jua hutangulia kuzama kwa wastani wa dakika 25, kwa kuwa wako mashariki yetu na saa ya nchi nzima ni moja. Mahali linapozamia nako panahama. Desemba linazama nyuzi 23 kusini mwa magharibi kamili, Juni nyuzi 23 kaskazini mwake. Ukisimama pale pale unaposimama siku zote, miezi miwili baadaye jua litakuwa limehama kabisa kwenye fremu yako. Ukiona mpiga picha kapata jua likiwa limekaa barabara kwenye ufa kati ya mawe mawili, ujue alisubiri msimu wake, au alihama yeye.

Sasa jambo ambalo ningependa ulijaribu wiki hii hii: nenda Bismarck asubuhi. Naona wapiga picha wachache sana hapa kwetu wanaoenda, na sielewi kwa nini, kwa sababu jiwe lile asubuhi ni kitu kingine. Jua linachomoza nyuma yako, nyuma ya vilima vya mji, kwa hiyo linachelewa kidogo kufika majini. Mwanzoni kila kitu kiko kwenye kivuli cha buluu. Kisha mwanga unagusa kichwa cha jiwe la juu kabisa, peke yake, na mstari wake unaanza kuteremka jiwe hadi jiwe mpaka kwenye maji. Hapo ndipo utagundua kwamba mawe yetu si ya kijivu tu. Yana chembe za waridi, yana michirizi myeusi kila mahali maji ya mvua yalipozoea kupita, na kileleni yana madoa meupe ya kinyesi cha ndege ambayo jioni, kwenye silueti yako, hayaonekani hata kidogo. Sogea taratibu kushoto na kulia wakati mstari ule unashuka, uangalie jinsi nyufa zinavyofunguka na kufunga.

Mawe haya yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalikuwa mviringo yangali ardhini: maji yaliingia kwenye nyufa, yakala kona zake, na udongo ulipoondoka yakabaki yamepandana kama tunavyoyaona. Kwa mpiga picha hilo lina maana moja kubwa. Kitu cha mviringo kinaonekana mviringo kwa sababu ya kivuli chake. Mwanga ukitoka mgongoni kwako moja kwa moja, jiwe linakuwa bapa. Ukitoka nyuma yake, linakuwa weusi. Ukitoka ubavuni, linatokeza nje ya picha hadi unatamani kulishika. Kwa hiyo hata hiyo asubuhi usisimame jua likiwa limekukaa katikati ya mgongo. Sogea mpaka lije begani.

Kuna sababu nyingine mbili za kuamka. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri maji huwa yamejaa viwimbi. Usiku upepo hugeuka, na alfajiri mara nyingi utayakuta maji yametulia kiasi cha kukuonyesha jiwe la pili chini ya lile la kwanza. Ya pili ni mawingu. Ngurumo za Ziwa Victoria hupenda kuzaliwa usiku, katikati ya maji, pale hewa ya nchi kavu kutoka pande zote inapokutana. Ndiyo maana asubuhi nyingi za vuli unaamka unakuta ukuta wa mawingu umesimama upande wa ziwa, na jua la mashariki linaupiga usoni. Una jiwe lililoangazwa mbele, na nyuma yake ukuta wa rangi ya risasi. Huo ndio mwanga ninaoupenda kuliko wote hapa Mwanza, na hauhitaji kuunganisha picha wala hila yoyote, kwa sababu anga na jiwe vyote vinaangazwa na jua lilelile kutoka upande uleule.

Ukitaka jioni kwa lazima, vuka. Panda kivuko cha Kamanga alasiri, simama nyuma ya chombo kinapoondoka Mwanza, utazame mji unavyobaki. Jua liko mgongoni kwako sasa, na kila kitu ulichokuwa unakiona cheusi kinawaka: Bismarck yenyewe, Capri Point, vilima vyenye nyumba zilizojengwa katikati ya mawe. Chombo kinatikisika, kwa hiyo usiweke stendi humo. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 400, na uache kasi ya shata isishuke chini ya 1/500 ya sekunde.

Haya, tuseme bado moyo wako uko kwenye machweo. Hakuna ubaya, na mimi mwenyewe siachi kuyapiga. Fanya hivi. Weka kamera ihifadhi faili ghafi, za RAW, na si JPEG peke yake. JPEG ikishaungua haina cha kukurudishia, RAW ina akiba. ISO 100. Tundu la lenzi f/8, au f/11 kama una kitu karibu mbele yako (namba ikikua, tundu linapungua). Usipeleke f/22 ukidhani unaongeza ukali, kwa sababu ukishavuka f/16 picha nzima huanza kulainika. Washa lile onyo la kuungua, ambalo sehemu iliyozidi mwanga inamwekamweka kwenye kioo cha nyuma baada ya kupiga. Piga, angalia, punguza mwanga, piga tena, mpaka kinachomwekamweka kiwe duara la jua lenyewe tu. Hiyo ni picha yako ya anga, na jiwe ndani yake litakuwa jeusi, liache. Sasa, bila kugusa stendi wala kubadili tundu, ongeza stopu mbili kwa kupunguza kasi ya shata, piga. Ongeza mbili nyingine, piga. Kamera yako pia inaweza kupiga tatu kwa mpangilio mmoja, ya kati, iliyopunguzwa na iliyoongezwa, na ukiipa nafasi ya stopu mbili kati ya moja na nyingine kazi inakuwa nyepesi.

Nyumbani unaziunganisha. Kwenye kompyuta kuna programu za bure zinazofanya hivyo, darktable na Hugin ni miongoni mwake, na zinatosha kabisa. Kitu kimoja tu cha kuangalia: maji na magugu maji hayakai yakikusubiri. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu wimbi limehama na lile zulia la magugu limesogea, na programu ikichanganya zote unapata maji yenye mizuka. Chukua anga kutoka kwenye picha ya giza, jiwe kutoka kwenye ya mwanga, na maji yote kutoka kwenye picha moja tu. Usivutwe pia kulitoa jiwe kivulini mpaka ling'ae. Jicho la mtu aliyesimama pale linajua jua liko nyuma, na jiwe lililong'aa upande wa kivuli linamwambia kwamba anadanganywa. Mpe weusi wenye maelezo ndani yake, basi.

Kwa picha za asubuhi nakupa njia rahisi zaidi. Kamera inapopima mwanga hudhani kila inachokiona ni cha kijivu cha kati. Ukiielekeza kwenye maji yanayometa inafanya picha kuwa giza. Ukiielekeza kwenye kichaka kinene inaunguza anga. Jiwe letu kavu, lililo juani, liko karibu sana na kijivu hicho. Weka kipimo cha nukta moja, elekeza kwenye jiwe pasipo na kinyesi cha ndege wala michirizi myeusi, chukua vipimo hivyo, vifunge kwa mkono, kisha panga fremu yako upendavyo. Wapiga picha wengine wananunua kadi maalumu ya kijivu kwa kazi hiyo. Wewe umezungukwa nayo mji mzima.

Filta ya polaraiza, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi kupunguza mng'ao, utaambiwa ununue. Ni nzuri, lakini haikusaidii ukitazama jua. Nguvu yake iko upande ulio nyuzi 90 kutoka jua lilipo. Isubiri.

Misimu nayo uijue. Juni hadi Septemba hewa yetu hujaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Milima ya ng'ambo inafifia, buluu inapotea, na watu wengi wanaweka kamera chini. Mimi huo ndio wakati ninaolipiga jua lenyewe, kwa sababu moshi unalipunguza makali na linashuka likiwa duara jekundu ambalo hata sensa yako inalimudu bila kuungua. Mvua za kwanza za vuli zikishaosha hewa, mambo yanageuka: siku moja baada ya mvua kubwa utaona ng'ambo ya ghuba kwa uwazi ambao hukuuona tangu Mei. Na utakapoona nguzo za moshi zinapanda juu ya maji mahali pasipo na moto, hasa mwezi unapoandama, ujue ni wadudu wa ziwani wametoka majini kwa mamilioni. Wapige kwa mbali wakiwa kinyume na mwanga, wanapendeza ajabu. Wakifika ufukweni, usithubutu kubadilisha lenzi.

Sasa huo utando. Zima taa za chumba, washa tochi ya simu, elekeza upande mmoja wa lenzi na uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika kutoka ukingoni kuja katikati, fundi wako amekuambia kweli: ni kuvu. Nina hakika inachangia kwenye picha zako, kwa sababu hata kwenye ile ya tatu, ambayo anga halikuungua, weusi wa jiwe umekuwa wa kijivu na picha nzima imepauka. Jua likiigonga lenzi yenye kuvu uso kwa uso, kila uzi unatawanya mwanga. Ukipiga jua likiwa mgongoni, lenzi ileile inaweza kukupa picha safi tu.

Kuvu inapenda unyevu, giza na hewa iliyosimama. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 muda mrefu, inaota, na nyumba za ufukweni zinafika hapo bila shida, hasa masika. Mkoba wa kamera wenye sponji, uliofungwa na kuwekwa kabatini wiki tatu, ndio kitanda chake. Kwa hiyo kamera ilale nje ya mkoba. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, la kuhifadhia vyakula, uweke ndani silika jeli ya kutosha na kipima unyevu kidogo kama utakipata. Asilimia 40 hadi 50 ndiyo unayoitaka. Nunua silika jeli inayobadilika rangi. Ile ya buluu ikigeuka waridi imeshiba. Ipashe moto kwenye ovena nyuzi 120 kwa saa kadhaa, itarudi buluu na kufanya kazi tena. Vile vipakiti unavyovikuta kwenye viatu vipya huwa vimeshashiba kabla hujavitoa. Mchele usitumie, una vumbi, na uwezo wake wa kufyonza ni mdogo. Dawa nzuri kuliko zote ni kuitumia kamera kila wiki, hewa na mwanga vipite.

Je, lenzi hiyo isafishwe? Kama kuvu ni changa fundi anaweza kuitoa. Ikikaa sana, inatoa tindikali inayochora kioo, na alama hizo hazitoki. Lenzi ya 18-55 ya mtumba si ya bei kubwa, kwa hiyo muulize fundi bei kwanza. Gharama ya kufungua na kusafisha ikikaribia bei ya nyingine, tafuta nyingine na uichungulie kwa tochi kabla hujatoa hela. Na ukitoka kwenye basi au ofisi yenye kiyoyozi kwenda ufukweni, acha kamera ndani ya mkoba uliofungwa kama nusu saa ipate joto. Ukiitoa papo hapo, mvuke unaganda kwenye kioo, na mwingine ndani usikouona.

Kuhusu megapikseli nitasema kidogo tu. Picha ya megapikseli 18 ina nukta takriban 5,184 kwa 3,456. Ukichapisha kwa ubora wa juu, nukta 300 kwa inchi, unapata karatasi ya karibu ukubwa wa A3. Kwenye simu ya mtu haionekani hata robo yake. Hela uliyokuwa unaipangia kamera mpya, inunulie stendi nzito inayosimama. Hizi nyepesi za plastiki zinatikiswa na upepo wa alasiri mpaka picha ya nusu sekunde inatoka na mawe mawili. Kama hela haijatosha, chukua uliyonayo, usiinue ile nguzo ya katikati, ning'iniza mfuko wenye mawe chini yake, na tumia kichelewesha cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Juu ya jiwe lililolowa pima miguu yake kabla ya kuiachia, maana itale, aina ya mawe yetu haya, ikilowa inateleza vibaya.

Ukishakuwa na stendi inayotulia, kuna somo moja linalokungoja ambalo simu ya rafiki yako itahangaika nalo. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa taa zao ndizo zinazowakusanya dagaa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu. Zamani zilikuwa karabai. Sasa nyingi ni za betri na sola. Panda sehemu iliyoinuka kidogo kule Igombe au Kayenze usiku wa giza, utaona mstari wa taa kwenye upeo wa macho kana kwamba kuna mji ng'ambo. Milimita 18, tundu f/3.5, ISO 1600, sekunde 4 hadi 8. Ukizidisha hapo mitumbwi inayoyumba inageuza taa kuwa michoro. Fokasi ya kamera itashindwa gizani, kwa hiyo iweke ya mkono: kuza taa moja ya mbali kwenye kioo cha nyuma, zungusha mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha usiguse tena. Ukivumilia hadi asubuhi utawakuta kina mama wanawaanika dagaa ufukweni, na jua la chini likipita juu yao ufuo mzima unang'aa fedha. Hapo punguza mwanga kwa stopu moja, la sivyo fedha itakuwa chokaa.

Kwenye mwalo wowote, yaani ufukwe wa kushushia samaki, salamu itangulie kamera. Mtafute kiongozi wa mwalo, jieleze wewe ni nani na picha ni za nini. Mtu mwenye lenzi ndefu asiyejulikana anaweza kudhaniwa ni wa doria, na ukishadhaniwa hivyo hakuna atakayekuangalia kwa amani. Anayekataa kupigwa, mwache. Ukipiga mtu picha nzuri, ichapishe umpelekee. Hutahitaji kujieleza tena mwalo huo. Bandari, uwanja wa ndege na maeneo ya jeshi usiyaelekezee lenzi bila ruhusa, na kwenye lile daraja la kilomita 3 la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, waulize walinzi kabla ya kusimamisha stendi. Droni usirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Na tafadhali, usiingie majini kwa miguu mitupu kutafuta fremu, hasa penye matete na maji yaliyotuama. Konokono wa kichocho wanaishi humo. Kama umeshaingia sana, nenda zahanati ukapime, tiba yake ipo na ni ya vidonge.

Anza na Bismarck ya asubuhi, kwa RAW, kwa kipimo cha jiwe, na kwa lenzi hiyohiyo jua likiwa begani. Kisha unitumie faili mbili: moja ya asubuhi hiyo na moja ya machweo yako ya zamani. Zitume kwa barua pepe, au kwa WhatsApp kama dokumenti, usizitume kama picha, kwa sababu ukizituma kama picha zinabanwa na yale ninayotaka kuyaangalia kwenye vivuli yanapotea njiani.